Mtoto wa shule na harakati za tabianchi: tunamsaidiaje aamue akijua anachoingia?

#1 Mlezi_wa_Klabu

Habari za jioni wanajukwaa.

Naleta hoja, nipingwe kwa hoja. Wanafunzi wengi walio kwenye klabu na harakati za tabianchi hawakuchagua kuwamo. Waliandikishwa. Mtu mzima alisimama mbele ya darasa, akaongea kwa hisia dakika ishirini, akauliza "nani anaipenda dunia?", mikono ikapanda, majina yakaandikwa. Ndiyo maana orodha ya wiki ya kwanza huwa ndefu, na mwisho wa muhula wanabaki wachache, tena wale wale.

Swali la kwanza: kwa nini wanaingia kwa kishindo na kutoka kimya kimya? La pili, na ndilo linaloniuma zaidi: mtoto awekewe nini mezani kabla hajaandika jina lake, ili ndiyo yake iwe ndiyo kweli, na hapana yake isimgharimu chochote?

Sisemi tuwazuie. Sisemi tuwashawishi.

#2 Karani_wa_Haki

Mleta uzi, anzia kwenye sheria, huko ndiko wengi wanakoteleza.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, 1989. Ibara ya 12: mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ya 13: kujieleza, ikiwemo kutafuta na kupata habari. Ya 15: kujumuika na kukusanyika kwa amani. Ya 3: maslahi bora ya mtoto. Ya 5: wazazi na walezi wamwongoze kwa kadiri uwezo wake unavyokua.

Wapo wanaonukuu ya 12 na ya 15 wakairuka ya 3. Wapo wanaoishika ya 3 kama rungu la kuizima ya 15. Ibara hizi zinasomwa pamoja.

Agosti 2023 Kamati ya Haki za Mtoto, inayosimamia Mkataba huo, ilitoa Maoni ya Jumla Namba 26 kuhusu mazingira na tabianchi, baada ya kupokea michango zaidi ya 16,000 kutoka kwa watoto wa nchi 121. Lakini kwa swali lako naona Maoni ya Jumla Namba 12 ya mwaka 2009 ndiyo yenye uzito: yanasema kutoa maoni ni hiari ya mtoto, si wajibu. Anayekaa kimya hajapungukiwa na haki. Ameitumia.

#3 Jembe_Jipya

Wanaingia kwa sababu wana hofu, hakuna siri hapo. Kuna utafiti wa watoto 10,000 wa shule, asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi. Greta Thunberg alianzisha haya yote mwaka 2018 kwa kugoma kila Ijumaa na watoto wakapata pa kutolea hofu yao. Wanatoka kwa sababu hofu imepungua. Hapo pana tatizo gani?

#4 Rula_ya_Sentimita

Jembe, nakuheshimu, ila umepinda mahali patatu.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021 na waliohojiwa walikuwa na miaka 16 hadi 25, katika nchi 10. Asilimia 59 ni sahihi, "watoto wa shule" si sahihi. Huwezi kuchukua wasiwasi wa kijana wa miaka 22 ukamvisha mtoto wa miaka 10.

Greta alianza tarehe 20 Agosti 2018 nje ya bunge la Sweden, akiwa na miaka 15, peke yake. Wiki tatu za mwanzo alikaa kila siku ya shule mpaka uchaguzi wa Septemba. Ijumaa zilikuja baadaye.

Na hakuwa mtoto wa kwanza. Mwaka 1992 Severn Cullis-Suzuki wa Kanada alihutubia mkutano wa dunia wa mazingira kule Rio de Janeiro akiwa na miaka 12.

Naweka haya kwa sababu mtoto anayesimuliwa kwamba "msichana mmoja alikaa chini na dunia ikasimama" anaingia akitarajia muujiza. Ukimweleza kuwa siku ya kwanza hakuna aliyekaa naye, ataingia kwa matarajio mengine kabisa.

#5 Nahodha_wa_Mjadala

Hofu ipo, lakini maelezo yangu ni mepesi zaidi: wenzao. Rafiki akiinua mkono, na mimi nainua. Rafiki akiacha, na mimi naacha. Kwa hiyo kuingia kwa kishindo na kutoka kimya kimya ni jambo moja lenye pande mbili.

Dawa yake iko kwenye utaratibu:

Usiandikishe siku ile ile ya hotuba. Acha wiki nzima ipite. Msisimko wa siku ya kwanza hushuka haraka, na anayerudi baada ya siku saba amerudi kwa miguu yake.

Usitumie mikono. Gawa vikaratasi kwa darasa zima, na kila mtoto achague moja: "naingia", "siingii", "sijaamua, niulizeni tena". Wote wanaandika, wote wanakunja, wote wanatumbukiza. Ukiwapa vikaratasi wanaotaka tu, darasa zima limeshawajua wasiotaka.

Usiweke zawadi mlangoni. Fulana, safari, chakula, cheti, alama za ziada, vyote hivyo vinanunua ndiyo. Vikiwepo, viwekwe wazi kuwa havitegemei jibu.

Na orodha ya walioingia isibandikwe ukutani. Kosa la mwisho hilo hufanywa na watu wenye nia njema kabisa.

#6 Mlezi_wa_Klabu

Asanteni. Nahodha, "niulizeni tena" nimeichukua. Sasa nisaidieni upande wa maarifa. Mtoto ajue nini kwanza?

#7 Kibao_Cheusi

Nimekuwa nasubiri swali hili.

Ajue kutenganisha vikapu vitatu. Wahamasishaji huvichanganya, kisha mtoto akiuliza swali la kikapu cha pili anaambiwa anapinga sayansi.

Kikapu cha kwanza ni ushahidi. Dunia imepata joto la takriban nyuzi 1.1 za selsiasi katika muongo wa 2011 hadi 2020 ukilinganisha na 1850 hadi 1900. Kaboni dayoksaidi hewani ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, sasa imepita 420. Chanzo ni shughuli za binadamu, hasa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hapa mwalimu haleti "pande mbili" kana kwamba ni mechi. Anafundisha namna ilivyopimwa.

Kikapu cha pili ni thamani. Nani alipe? Nchi iliyochafua zamani au inayochafua leo? Ajira ya mchimba makaa ina uzito gani mbele ya pwani inayoliwa na bahari? Watu wema wenye akili timamu wanatofautiana hapa, na mtoto ana haki ya kusikia zaidi ya jibu moja.

Kikapu cha tatu ni mbinu. Hata wanaokubaliana kwenye viwili vya kwanza wanagombana hapa: kuandamana, kugoma masomo, kuandika barua, kwenda mahakamani, kupanda miti, kusoma kwanza na kuingia ukubwani.

Zoezi: sentensi kumi na mbili kwenye vipande vya karatasi, watoto wanne wanne, dakika kumi na tano, wapange kwenye vikapu. Hakikisha sentensi mbili zinagombaniwa makusudi, mfano "Ni lazima tuache kutumia makaa ya mawe". Wengi wataitupa kwenye ushahidi. Waulize neno "lazima" limetoka kwenye kipimajoto gani. Ukimya unaofuata hapo ndio somo.

Makosa ya kusahihisha kabla hajashika bango:

Tundu la ozoni si chanzo cha ongezeko la joto. Hili ni kosa sugu mno. Ozoni iliharibiwa hasa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyozibana. Joto linatokana na gesijoto kunasa nishati inayotoka ardhini.

Takataka za plastiki ni tatizo kubwa la mazingira, lakini kuokota chupa hakushushi kaboni dayoksaidi hewani. Klabu nyingi zinaitwa za tabianchi na kazi yao yote ni usafi. Kazi njema, ila mtoto aambiwe ukweli wa jina.

Siku moja ya baridi si hoja, siku moja ya joto pia si hoja. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi huhesabiwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30.

Na hakuna ripoti ya kisayansi inayosema dunia itaisha mwaka 2030. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema mwaka 2018 utoaji wa gesi upungue kwa karibu nusu ifikapo 2030.

#8 Rula_ya_Sentimita

Mwalimu Kibao, nakazia yote, nanyoosha mstari wa mwisho tu. Ripoti ya IPCC ya Oktoba 2018: kaboni dayoksaidi ipungue kama asilimia 45 kutoka kiwango cha 2010 ifikapo 2030, na kufikia sifuri halisi, yaani kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa hewani, karibu 2050, kwa lengo la kuzuia joto lisiongezeke zaidi ya nyuzi 1.5. Ripoti zilizofuata zinasema asilimia 43 kutoka kiwango cha 2019, lakini hapo ni gesijoto zote kwa jumla. Watu huzisoma hizi mbili wakadhani wanasayansi wamepunguza makali. Mwaka wa kuanzia umebadilika, na kinachohesabiwa kimebadilika.

Mtoto akiandika "45%" kwenye bango, ajue ni ya nini na kutoka lini. Asipojua, mwandishi wa habari wa kwanza atakayemuuliza atamwaibisha, na hatarudi tena. Labda hayo ni maelezo mengine ya wanaotoka kimya kimya.

#9 Mama_Pacha

Naheshimu elimu iliyomo humu, ila naona mnamwandaa mtoto wa miaka 9 kama anayekwenda kutetea tasnifu. Mnaongelea umri gani?

Mimi ningegawa hivi. Chini ya miaka 9 au 10: mazingira anayoyagusa, hakuna bango, hakuna takwimu za maafa. Kuanzia 10 hadi 13: vikapu vya Kibao kwa lugha nyepesi, na kazi inayoonekana imekamilika, ndani ya shule. Kuanzia 14: mbinu zote zijadiliwe, ikiwemo maandamano, pamoja na hatari zake. Na mipaka hiyo isiwe ukuta, maana kuna wa miaka 11 anayeelewa kuliko wa 15.

#10 Ngazi_Nane

Mama Pacha umesema vizuri. Ila wote mnamchunguza mtoto. Mimi namchunguza mtu mzima.

Mwaka 1992 Roger Hart aliandikia UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane. Vitatu vya chini si ushiriki kabisa: kuwatumia, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa ajili ya kuonekana. Mtoto aliyepewa fulana na wimbo kwenye tukio asilolielewa ni pambo. Aliyeketishwa jukwaani bila kupewa nafasi ya kujiandaa na wenzake, hotuba ameandikiwa, ni wa kuonekana. Kidato cha nne cha ngazi hiyo ndipo ushiriki unapoanza: amepangiwa kazi na mtu mzima, lakini anaelewa kusudi, anajua nani ameamua ahusishwe na kwa nini, ana jukumu lenye maana, na amejitolea baada ya kuelezwa.

Tazameni basi. Kidato cha nne, ambacho si cha juu hata kidogo, kinadai "baada ya kuelezwa". Klabu nyingi hazijafika hapo.

Kwa hiyo maelezo yangu ya kwa nini wanatoka: wamegundua kazi si yao. Kipimo cha haraka: muulize mtoto maneno ya bango lake yaliandikwa na nani. Muulize ni uamuzi gani mmoja katika wiki nne zilizopita uliobadilika kwa sababu mtoto alisema. Akikosa jibu la pili, tatizo liko kwetu.

Na ndugu Jembe, ile "hofu imepungua" umeitoa wapi? Uliwahoji waliotoka, au umetusomea nyota?

#11 Jembe_Jipya

Ngazi, sijawahoji, nakubali. Rula, asante kwa umri, nimeshika.

Ila msiniondoe mazima. Inafahamika kwamba kutenda kunatibu hofu. Mtoto anayefanya kitu hulala vizuri kuliko anayekaa kutazama habari za mafuriko. Kama ni hivyo, kumcheleweshea kwa wiki ya Nahodha na vikapu vya Kibao ni kumnyima dawa.

#12 Tulizo

Jembe, hapo twende polepole, maana kauli hiyo imezoeleka kuliko inavyothibitishwa.

Mtafiti wa Sweden, Maria Ojala, aliangalia watoto wa miaka 12 wanavyokabiliana na wasiwasi wa tabianchi. Aliona njia tatu: kushughulikia tatizo lenyewe, kulipunguzia tatizo uzito, na kutafuta maana, yaani kuliona tatizo kwa uzito wake huku ukiamini wapo wengine wanaolifanyia kazi. Wanaoshughulikia tatizo walikuwa wepesi kutenda, ndiyo, lakini walielemewa pia na hisia nzito zaidi. Iliyoambatana na hali njema ya moyo ilikuwa kutafuta maana.

Sababu si ngumu kuiona. Tatizo la ukubwa huu mtoto hawezi kulimaliza. Ukimpa jembe bila kumwambia shamba ni la watu wengi, analima mpaka anaanguka.

Kwa vitendo: kila mkutano wa klabu utenge dakika kumi za kusema nani mwingine anafanya nini, watu wazima kwanza. Usifunge kikao kwa picha za maafa. Usitumie kauli "ninyi ndio tumaini letu la mwisho", ni mzigo wa tani juu ya mgongo wa mtoto. Na angalia dalili: usingizi kukatika, kula kubadilika, kuuliza swali lile lile la maafa kila siku, kujilaumu kwa kupanda gari au kula chakula fulani. Zikiendelea wiki mbili au zikimzuia shule na michezo, apunguziwe kazi za klabu na aonwe na mshauri. Kumpunguzia si kumfukuza, aambiwe hivyo kwa maneno.

Kwa hiyo kwa baadhi kutenda ni dawa, kwa baadhi ni kidonda. Huwezi kujua yupi ni yupi bila kumuuliza kabla na katikati.

#13 Mkanda_wa_Usalama

Mmeongea ya moyo, niongee ya mwili. Kama uamuzi ni kwenda kwenye matembezi au maandamano, haya ndiyo yanayosahaulika.

Kibali. Anayeandaa aonyeshe uthibitisho wa maandishi kuwa mamlaka husika imearifiwa au imeruhusu, kadiri sheria ya mahali inavyotaka. "Tumeshaongea nao" si kibali. Bila karatasi, watoto hawatoki.

Wasimamizi. NSPCC, shirika la kulinda watoto la Uingereza, inapendekeza angalau mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na mmoja kwa 10 wa miaka 13 hadi 18, na wasipungue wawili hata kundi likiwa dogo. Watoto 24 wa miaka 11 ni wasimamizi 3. Mimi naweka wa 4, kwa sababu mtoto mmoja akiugua, msimamizi mmoja anaondoka naye na hesabu inavunjika pale pale. Kosa la kawaida ni kuwahesabu waandaaji kama wasimamizi. Mwenye kipaza sauti hasimamii mtoto.

Maji. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mililita 100 hadi 250 kila dakika 20 kwa wa miaka 9 hadi 12 wakiwa kwenye mazoezi. Saa mbili ni kati ya lita 0.6 na lita 1.5 kwa kila mtoto. Kreti moja ya chupa ndogo kwa darasa zima haitoshi hata nusu ya njia.

Njia. Itembewe siku moja kabla, saa ile ile. Weka alama sehemu tatu za kutokea pembeni, choo, kivuli. Kituo cha kukutana kiwe kitu kisichohama. Gari la matangazo huhama.

Fimbo za mabango: usitumie mbao wala chuma. Bomba la karatasi ngumu linatosha. Mbao huumiza macho kwenye msongamano, na mahali pengi walinda usalama huzihesabu kama silaha.

Mfukoni mwa mtoto: kikaratasi chenye namba mbili za simu, dawa anazotumia, mzio alionao. Kisiwe shingoni kikisomwa na kila mtu.

Picha, hapa ndipo penye majuto ya muda mrefu. Nembo ya sare inataja shule. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa ndani yake. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya kuondoka. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa, ukituma kama faili zinabaki. Usiandike jina kamili chini ya picha, na usirushe moja kwa moja mkiwa bado njiani. Mtoto wa miaka 12 hawezi kujua atajisikiaje akiwa na 20 na picha ile bado inatafutika, kwa hiyo aelezwe hivyo hivyo, na ridhaa ya picha iwe mstari tofauti na ridhaa ya kushiriki. Anaweza kukubali moja akakataa nyingine.

#14 Nahodha_wa_Mjadala

Mstari tofauti! Mkanda, hilo lipigiwe mstari mwekundu. Fomu nyingi zinaunganisha yote kwenye sahihi moja.

#15 Jembe_Jipya

Mkanda umetutisha, ila nimejifunza. Herufi za bango ziwe na ukubwa gani zisomeke? Mengi huwa ni utitiri wa maneno.

#16 Mkanda_wa_Usalama

Kanuni ya mafundi wa maandishi: herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Ukitaka mita 12, herufi ziwe sentimita 10. Kwenye karatasi ya A2, yenye 42 kwa 59.4, hapo unapata mistari mitatu ya herufi chache. Maneno matano hadi saba, basi. Bango halimalizi hoja.

#17 Karani_wa_Haki

Niongeze maelezo mengine ya wanaotoka: mwendo wa matokeo. Hakuna anayewaambia mambo haya huchukua muda gani.

Septemba 2019 watoto 16, Greta akiwemo, walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Mtoto dhidi ya Argentina, Brazili, Ufaransa, Ujerumani na Uturuki. Oktoba 2021 yalikataliwa kwa sababu hawakupitia kwanza mahakama za nchi zao. Vijana sita wa Ureno walizishtaki nchi 33 kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2020, na tarehe 9 Aprili 2024 shauri likatupwa bila mahakama kuamua kiini chake. Siku hiyo hiyo, mahakama hiyo hiyo, wanawake wazee wa Uswisi walishinda lao.

Na kuna walioshinda. Montana, Marekani: vijana 16 walifungua kesi mwaka 2020, wakashinda Agosti 2023, na mahakama kuu ya jimbo ikathibitisha Desemba 2024. Aliyeingia na miaka 15 alipata jibu la mwisho akiwa na 19 au 20.

#18 Jembe_Jipya

Si ndiyo hao waliolipwa fidia?

#19 Karani_wa_Haki

Hapana, ndugu yangu. Hawakupewa fedha. Katiba ya Montana inataja haki ya mazingira safi na yenye afya. Mahakama ilisema sheria iliyozuia serikali kuzingatia gesijoto wakati wa kupitia miradi inavunja haki hiyo. Mtoto akielezwa kesi hii kama "waliolipwa", ameshadanganywa kabla hajaamua.

#20 Waya_Mwekundu

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnasema mtoto achague, lakini mnamwekea mlango mmoja wa maandamano na mlango wa kutoka. Weka milango mingine, ndipo uchaguzi uwe uchaguzi.

Mfano wa kazi ya mikono kwa miaka 11 kwenda juu: kuhesabu taa. Tuseme darasa mbili zina mirija 20 ya wati 36. Mkibadilisha kwa LED ya wati 18, mnaokoa wati 18 mara 20, ambazo ni 360. Kwa saa 6 kwa siku ni uniti 2.16. Siku 200 za masomo, uniti 432 kwa mwaka. Watoto wazidishe kwa bei iliyo kwenye ankara ya shule, waandike ukurasa mmoja, wampe mkuu wa shule pamoja na gharama ya taa mpya. Kinachoharibika: wanasahau kupima saa halisi za taa kuwaka, wanaandika saa za ratiba. Watengewe wiki moja ya kuandika kila taa inapowashwa na kuzimwa.

Mkuu wa shule akikataa, watoto wamejifunza harakati kuliko bango lolote.

#21 Rula_ya_Sentimita

Hesabu iko sawa. Ongeza tu kwamba mirija ya zamani yenye balasti ya sumaku, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija, hula wati kadhaa zaidi ya zilizoandikwa, kwa hiyo akiba halisi inaweza kuwa kubwa kidogo. Na wasiguse taa wenyewe, wasome lebo. Fundi abadilishe.

#22 Mama_Pacha

Hamjagusa kisa kigumu. Mtoto wa miaka 14 anataka, mzazi hataki. Au kinyume, mzazi ni mwanaharakati na mtoto amechoka kubebwa kwenye mikutano. Nani anasikilizwa?

#23 Kibao_Cheusi

Kwa shughuli ya nje ya shule, bila ridhaa ya mzazi mtoto haondoki, na mwalimu asijaribu kupitia dirishani. Lakini ndani ya shule, kusoma, kujadili na kuandika ni sehemu ya elimu. Mzazi aelezwe kwa maandishi: nini, lini, nani yupo, hatari gani. Mara nyingi anachokataa mzazi ni picha na polisi, tabianchi yenyewe hana ugomvi nayo. Ukiviondoa hivyo viwili, jibu hubadilika.

#24 Karani_wa_Haki

Mwalimu, nakubali nusu. Ibara ya 5 inampa mzazi kazi ya kuongoza, haimpi umiliki wa maoni ya mtoto. Kijana wa miaka 16 anayekataliwa kila kitu bila sababu ana haki ya kusikilizwa na mtu wa tatu, mshauri wa shule kwa mfano. Na kwa yule anayebebwa na mzazi wake, karatasi ya siri ya Nahodha ndiyo kinga yake pekee. Mzazi asiione.

#25 Mama_Pacha

Karatasi ya shule nisiione mimi mzazi? Hapo Karani tunaachana njia. Siri kati ya mtoto na shule ina mwisho mbaya kuliko mkutano wa kuchosha.

#26 Tulizo

Pengine tofauti iko kwenye sababu. Jibu, mzazi alione. Sababu ya jibu, ibaki kwa mtoto mpaka atakapotaka kuisema. Isipokuwa kama inahusu usalama wake.

#27 Mlezi_wa_Klabu

Nimekusanya yenu kwenye karatasi moja ya maswali, mtoto aisome na kuijibu nyumbani ndani ya siku saba. Ikosoeni.

1. Jambo hili linahusu nini? Andika kwa sentensi mbili, bila kunakili bango.
2. Nani anaandaa, nani analipia, na anapata nini?
3. Sehemu gani ni ushahidi, sehemu gani ni maoni ya waandaaji?
4. Utafanya nini hasa, siku ngapi, saa ngapi, na utakosa somo gani?
5. Kitu gani kinaweza kwenda vibaya, na nani atakuwa karibu nawe?
6. Picha: ndiyo au hapana?
7. Kuna njia gani nyingine mbili za kufanyia kazi jambo hili hili?
8. Rafiki yako wa karibu asingekuwamo, ungeingia?

#28 Ngazi_Nane

La 8 ni zuri, Nahodha atalala usingizi mnono leo. Ongeza la 9: "Nikitaka kutoka, namwambia nani, na nini kitatokea?" Jibu lichapwe tayari na shule: unamwambia mlezi wa klabu au mshauri, kwa mdomo au kikaratasi, hutaulizwa sababu mbele ya wengine, alama zako hazitaguswa. Mtoto asiandike mwenyewe ahadi ambayo ni ya mtu mzima kuitoa.

#29 Kibao_Cheusi

La 1 lisiwe la kuandika kwa wadogo. Aseme kwa mdomo. Mwenye shida ya kuandika ataonekana hajui, kumbe anajua.

#30 Nahodha_wa_Mjadala

La 2 nalo lijibiwe na waandaaji kwanza, kwa maandishi, ndipo mtoto alisome. Hawezi kupeleleza fedha za watu wazima. Wakikataa kulijibu, mtoto aambiwe wamekataa.

Na kwa wale wa hofu, wa ngazi na wa mahakama: bado nasema ni wenzao. Mtoto wa tano anayetoka kwenye klabu humfuata wa nne.

#31 Tulizo

Na wa kwanza alimfuata nani, Nahodha?

#32 Mkanda_wa_Usalama

Wakati mnaamua hilo: karatasi hizi za majibu ni taarifa za mtoto. Zinaonyesha anafikiri nini na anaogopa nini. Zikae kabatini penye kufuli, mtu mmoja awe na ufunguo, na tarehe ya kuzichoma iandikwe juu ya bahasha siku ile ile zinapokusanywa. Mlezi, umeshapanga tarehe?

#33 Mlezi_wa_Klabu

Sikuwa nimepanga. Naandika sasa: wiki mbili baada ya muhula kufungwa. Nyongeza ya 9 nimeiweka, la 1 nimelifanya la mdomo kwa walio chini ya miaka 12. Mama Pacha na Karani, swali la nani aone jibu nimeliacha wazi kwenye rasimu. Njooni na maneno kamili ya kuandika hapo, kila mmoja sentensi yake.